Kilwa ilianza lini? Kitabu na simu vinapopingana

Juma hili nazungumza nanyi nikiwa nimerejea kutoka Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Kwa wale wasiopafahamu, Kilwa ziko tatu. Iko Kilwa Kivinje, mji wa biashara wa karne ya 19 na baadaye kituo cha utawala wa Mjerumani. Iko Kilwa Masoko, yenye ofisi za serikali, soko na gati. Na iko Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji kiasi cha kilomita mbili hivi, yaliko magofu ya msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981.

Nilikuwa gatini nikisubiri mashua ya kuvukia Kisiwani, nikakuta mabishano. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akimweleza nahodha mmoja mzee, ambaye ni babu yake, jinsi alivyokosa alama katika jaribio la historia. Swali lilikuwa: utawala wa Washirazi wa Kilwa ulianza karne gani? Binti aliandika karne ya 11, kama alivyosoma kwenye simu, katika Wikipedia. Kitabu cha mwalimu kilisema mwishoni mwa karne ya 12. Akapigiwa mkasi.

Baada ya salamu, binti akanigeukia. "Baba, wewe ni mtu wa redio. Kipi ni kweli, kitabu au simu?"

Kabla sijafungua kinywa, nahodha akadakia: "Kwanza muulize, hiyo simu kaandika nani?"

"Na kitabu je, babu?"

"Na kitabu vilevile. Muulize kaandika nani."

Wasikilizaji wapenzi, sikuwa na jibu fupi. Nilimwahidi binti yule kwamba nitalijibu hapa redioni, na ahadi ni deni. Swali lake si la alama mbili tu. Leo watoto wetu, waandishi wetu, na hata viongozi wanaotayarisha hotuba, wanakimbilia simu kwanza. Tukikosa kujua thamani ya kile wanachokisoma humo, tutakuwa tunajenga nyumba bila kukagua msingi.

Tuanze na vitabu. Ensaiklopidia, au kamusi elezo, ni kitabu kinachokusudia kukusanya maarifa ya kila fani mahali pamoja. Mashuhuri kuliko zote kwa Kiingereza ni Britannica, iliyoanza kuchapwa Edinburgh mwaka 1768. Wengi wetu tuliosoma zamani tuliziona zile juzuu nene zimepangwa katika maktaba, na kuzigusa tu ilikuwa heshima. Kuzinunua ilikuwa jambo jingine. Chapa ya mwisho ya karatasi, ya mwaka 2010, ilikuwa na juzuu 32 na iliuzwa karibu dola 1,400. Mwezi Machi 2012 wenyewe walitangaza kwamba hawatachapa tena, na tangu hapo wamebaki kwenye mtandao.

Chapa inayosifiwa kuliko zote ni ile ya 11, ya mwaka 1910 hadi 1911, yenye juzuu 29 zilizoandikwa na mabingwa wa wakati huo. Je, bingwa huyo aliandika nini kuhusu Kilwa? Aliandika kwamba inasemekana mji ulianzishwa karibu mwaka 975 na Ali bin Hassan, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, mahali palipokuwa koloni ya kale ya Wagiriki iitwayo Rhapta. Rhapta ni bandari ya kale inayotajwa katika kitabu cha safari za baharini cha karne ya 1, Periplus. Lakini kitabu hicho hicho kinasema bandari ile ilikuwa chini ya mtawala wa upande wa Yemen, wala si koloni ya Wagiriki. Na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ilikuwa wapi. Basi sentensi moja ya kitabu kizito iliwanyang'anya watu wa pwani hii mwanzo wao na kuwapa Wagiriki, nayo ikakaa katika maktaba za dunia bila mtu wa Kilwa kuweza kuinua mkono na kusema, "Hapana, bwana."

Sasa, msione kwamba nahodha alikosea kuuliza habari za simu pia. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Yeyote anaweza kuandika, na yeyote anaweza kurekebisha. Lakini makala nyingi za mwanzo za Wikipedia ya Kiingereza zilinakiliwa moja kwa moja kutoka chapa ile ile ya 1911, kwa sababu haki zake za kunakili zilikuwa zimekwisha muda. Kwa hiyo makosa ya babu yalihamia nyumba mpya pamoja na samani zake. Mtu anayedhani kwamba kila kilicho kwenye simu ni kipya, afikiri tena.

Nirudi kwenye swali la binti, maana historia ya Kilwa yenyewe ndiyo fundisho letu la leo.

Habari za masultani wa Kilwa hatukuachiwa na mkono mmoja. Kwanza uko muhtasari wa Kireno, uliochapwa Lisbon mwaka 1552 katika kitabu cha João de Barros, mtu ambaye hakupata kukanyaga pwani yetu. Alitumia taarifa zilizofika Ureno baada ya meli za Francisco de Almeida kuiteka na kuipora Kilwa mwezi Julai 1505. Pili, iko tarehe ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa, iliyotungwa katika karne ya 16 na mwandishi asiyejitaja jina. Tunayo kwa sababu ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, nakala ikafika London, na ikachapwa huko mwaka 1895. Mwandishi wake anaahidi sura 10. Nakala hiyo ina sura 7 tu. Sura 3 zilizobaki hatunazo. Fikirini wenyewe: mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, habari zake zimening'inia kwenye uzi wa nakala moja!

Tatu, yako masimulizi ya Kiswahili. Hayo yalikusanywa wakati wa Mjerumani na kuchapwa Berlin mwaka 1907 na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili. Nayo hayaanzi na Shirazi. Yanaanza na wenyeji: Wamtakata, kisha watu wa Jasi, kisha Mrimba na watu wake, ambaye alikuwa Mmachinga, jina ambalo leo mijini tunawaita wachuuzi wa barabarani. Mgeni kutoka Shirazi anapofika, anamkuta Mrimba ni mkubwa wa kisiwa. Anakaribishwa, na anamwoa binti wa Mrimba. Hata ile habari mashuhuri ya kisiwa kununuliwa kwa nguo, katika masimulizi haya ni habari ya wakwe na mkwe.

Wasikilizaji, hizo ni simulizi tatu, lugha tatu, na watu watatu wenye maslahi tofauti. Kisha wakaja wataalamu. Mwaka 1962 G.S.P. Freeman-Grenville alipiga hesabu za tarehe zile na kuweka mwanzo wa utawala karibu mwaka 957. Naye Neville Chittick alichimba Kisiwani miaka ya 1950 na 1960. Alitazama vyungu, sarafu na tabaka za udongo, akasema la, utawala ule hauwezi kuwa wa kale hivyo. Akauleta mbele mpaka mwishoni mwa karne ya 12. Juzuu zake mbili juu ya Kilwa zilitoka mwaka 1974, na kwa muda mrefu ndizo zilizofuatwa na waandishi wa vitabu vya shule. Hapo ndipo kitabu cha mwalimu wa Kilwa Masoko kilipopata tarehe yake.

Lakini mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha. Zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, yule yule anayetajwa kuwa sultani wa kwanza. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za watawala wa Kifatimi, na dinari zile zilionyesha kwamba hazina ilizikwa katika karne ya 11. Mtu hawezi kupiga sarafu miaka 100 kabla hajatawala. Basi tarehe ikarudi nyuma. Hapo ndipo simu ya binti ilipopata yake.

Kwa hiyo, binti yangu, jibu langu ni hili. Kwa ushahidi tulio nao sasa, karne ya 11 ina nguvu zaidi. Lakini mwalimu wako si mjinga. Kitabu chake kilikuwa sahihi kwa siku kilipoandikwa, ila karatasi haiwezi kusikia habari za Pemba. Zile juzuu za 1974 zimebaki zilivyo, na zitabaki hivyo hata baada ya miaka 100.

Hii ndiyo faida ya kwanza ya ensaiklopidia ya mtandaoni: inasahihishika. Faida ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba kila makala ina ukurasa wa historia yake, unaoonyesha kila badiliko, siku na saa lilipofanywa. Kitabu cha 1911 hakikuonyeshi hoja iliyofutwa wala ubishi uliotokea chumbani kwa mhariri. Ya mtandaoni inakuonyesha ubishi wenyewe.

Hata hivyo, tusiimwagie sifa kupita kiasi. Mwezi Desemba 2005 jarida la sayansi la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi katika Wikipedia na Britannica. Likahesabu makosa 162 katika Wikipedia na 123 katika Britannica, yaani karibu makosa manne dhidi ya matatu kwa makala. Britannica walilalamika sana juu ya hesabu ile, lakini wengi walishangaa kwamba tofauti ilikuwa ndogo namna hiyo. Mwaka huo huo, mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba makala yenye jina lake ilikuwa na uzushi unaomhusisha na mauaji ya Rais Kennedy, na uzushi huo ulikaa kwa zaidi ya miezi minne bila kuondolewa.

Na kwa lugha zenye waandishi wachache, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu kwa maelfu ya makala katika Wikipedia ya lugha ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Alianza akiwa mtoto, na hapakuwa na mtu wa kumwambia aache. Mlango uliokuwa wazi kwa wote ulipitwa na mmoja tu. Leo, wakati mashine nazo zinatafsiri na kuandika, jambo hilo linaweza kutupata sisi tukiwa tumelala.

Nasema tukiwa tumelala kwa sababu Kiswahili hakikuchelewa katika kazi hii. Mwaka 1994, miaka kadhaa kabla Wikipedia haijazaliwa, ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyowaalika watu wa popote kuchangia maneno. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na mamia ya makala yakaandikwa katika Wikipedia ya Kiswahili. Lakini shindano lilipokwisha na zawadi zilipogawiwa, wengi waliweka kalamu chini. Kazi ya namna hii haitaki mbio za siku moja. Inataka watu wa kuipalilia kila msimu, kama shamba.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa moyoni tangu niondoke Kilwa Masoko.

Tulipokuwa tunavuka, tanga limejaa upepo na Gereza linaonekana mbele yetu, nahodha yule alianza kunitajia mambo ya Kisiwani: visima na majina yake, makaburi na wenyewe, mitaa iliyokuwako zamani na nani alikaa wapi. Nikamwuliza, "Mzee, haya yameandikwa popote?"

Akacheka. "Watu huja na madaftari, wanauliza, wanaondoka. Kitabu chenyewe sijakiona."

Nilipofika nyumbani nikafikiri: basi yule mjukuu wake na ayaandike kwenye Wikipedia, kazi imekwisha. Lakini haiwezekani, na ni vizuri mjue sababu. Wikipedia ina sharti: jambo lazima liwe na ushahidi uliochapwa mahali panapoaminika. Neno la mzee mashuani halitoshi. Sharti hilo ndilo kinga dhidi ya uzushi kama ule uliompata Seigenthaler, siwezi kulilaumu. Lakini kwa jamii ambayo maarifa yake mengi yako vichwani mwa wazee, sharti hilo ni mlango wenye kizingiti kirefu. Ensaiklopidia iliyo wazi kwa kila mtu duniani haimpokei mtu anayekaa mbele ya magofu yenyewe.

Na hapa ndipo nilipobadili mawazo niliyokuwa nayo kabla ya safari. Nilidhani kitabu na mtandao ni washindani, mmoja afe ili mwingine aishi. Sivyo. Kwa nini leo tunalijua jina la Mrimba? Kwa sababu mtu alisimulia, na mwingine akachapa, mwaka 1907. Laiti yasingechapwa, Wikipedia leo ingekuwa na Barros na Kitab al-Sulwa tu, na babu mkwe wa Kilwa angekuwa amepotea. Tena tazameni: mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ulionyesha kwamba wengi wao upande wa baba walitoka Uajemi, na upande wa mama walikuwa Waafrika, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Ni kweli wengi wa waliopimwa walizikwa katika makaburi ya watu wa daraja la juu, na hatuwezi kuwasemea wote. Lakini mkwe kutoka Shirazi na binti wa Mrimba ni habari ambayo masimulizi ya Kiswahili yalikuwa yakiitunza muda wote huo, wakati mabingwa wa 1911 wanahangaika na Wagiriki.

Je, kazi ya kuandika kauli za wazee inawezekana? Imekwisha kufanyika, tena wilaya hiyo hiyo. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, karibu na Kilwa. Kwa miaka mingi kilichosomwa ni maelezo ya Wajerumani, kama kile kitabu cha Gavana von Götzen cha mwaka 1909. Kisha mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini na madaftari kuwauliza wazee waliokuwa hai. Mwaka huo huo G.C.K. Gwassa na John Iliffe walichapa kijitabu chenye kauli za mashahidi hao. Leo hakuna anayeandika habari za Maji Maji, kwenye karatasi au kwenye intaneti, bila kutegemea kazi ile. Wazee wale wamekwisha kufariki wote. Kama wanafunzi wangechelewa miaka 20, wangekuta makaburi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji wafadhili. Shule za sekondari za Kilwa, Lindi, na kwingineko zina walimu wa historia na zina wanafunzi wenye simu za kurekodia. Kila darasa liwahoji wazee kumi kwa mwaka. Liandike jina la msemaji kwa ridhaa yake, siku na mahali. Maelezo yachapwe katika kijitabu cha bei nafuu, nakala moja ipewe maktaba ya mkoa, moja makumbusho, na moja mzee mwenyewe, ili asiseme tena kwamba kitabu hakukiona. Baada ya hapo mwanafunzi aingie mtandaoni na kusahihisha makala ya Kilwa kwa Kiswahili, akitaja kijitabu hicho, na wengine duniani wakitaka kubishana naye wabishane kwa ushahidi.

Na kwa walimu wetu, ombi moja. Mtoto akileta jibu la simu linalopingana na kitabu, msipige mkasi haraka. Mwulizeni maswali matatu: kaandika nani, lini, na kwa ushahidi gani? Kisha mkiulize na kitabu maswali hayo hayo. Binti wa Kilwa Masoko angejibu yote matatu, maana makala aliyoisoma ilizitaja sarafu za Mtambwe. Kwa maoni yangu alistahili alama zake.

Kwaherini, wasikilizaji, hadi juma lijalo.